Matubwitubwi Ukubwani: Kabla ya Kwenda Chuo, Itafute Kadi Yako ya Kliniki

Ugonjwa huu tunaujua tangu utotoni. Mtoto anaamka asubuhi, shavu moja limevimba mpaka ndewe ya sikio imesukumwa juu, chakula hakitaki, na kila akimeza mate anakunja uso. Bibi anamtazama mara moja tu na kusema: matubwitubwi. Wengine huyaita machubwichubwi, wengine perema. Mtoto anapakwa kitu mashavuni, anafungwa kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, na baada ya wiki moja au siku kumi yuko uwanjani anacheza. Kwa kuwa wengi wetu tuliuona ukija na kuondoka hivyo, tumeuweka kwenye fungu la magonjwa ya watoto, yale ambayo mtu mzima hana haja ya kuyawaza.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana wa miaka 18 hadi 25, na kwa wazazi wake. Katika miaka 20 iliyopita, nchi ambazo zilidhani zimeshamalizana na matubwitubwi zimeyaona yakirudi kwa nguvu, na mahali yaliporudi si chekechea bali vyuo vikuu, hosteli, kambi za jeshi na vyumba vya kubadilishia nguo vya wanamichezo. Kila mwaka vijana wetu kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Kigali na Bujumbura wanaondoka kwenda kusoma huko huko. Wengi wao wanaondoka na kadi ya chanjo yenye pengo ambalo hawalijui.

Nitaanza na pengo hilo, kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika.

Chanjo tunazopewa nyumbani bure tukiwa wachanga haziyagusi matubwitubwi. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya pamoja ya surua na rubela mwaka 2014, na Kenya ikafuata mwaka 2016. Kabla ya hapo mtoto alichanjwa surua peke yake. Mtoto huipata akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Kwenye kadi utaiona imeandikwa kwa herufi mbili, MR. Chanjo inayozuia matubwitubwi ni ile yenye herufi tatu, MMR: surua, matubwitubwi na rubela kwa pamoja. Huku kwetu MMR hupatikana zaidi katika hospitali na kliniki binafsi, kwa malipo. Tofauti ya herufi moja ni ndogo sana machoni, na mzazi anaweza kuapa kabisa kwamba mwanawe alimaliza chanjo zote. Ni kweli alimaliza zote zilizokuwapo, na matubwitubwi hayakuwamo.

Kwa mtoto anayebaki nyumbani hilo huwa halionekani, kwa sababu mahali ambapo chanjo haitolewi, ugonjwa hupita watoto wengi mapema, na aliyeugua mara moja kwa kawaida hubaki na kinga ya maisha. Kuugua mara ya pili kupo, lakini ni nadra. Tatizo ni yule ambaye ugonjwa ulimruka. Yumo katika kila familia: ndugu zake watatu walivimba mashavu, yeye akasalimika. Huyo akifika na miaka 19 kwenye hosteli ya chuo Ulaya au Marekani, hana kinga ya ugonjwa wala ya chanjo. Katika jengo zima anaweza kuwa ndiye aliye wazi kuliko wote.

Walichokiona Uingereza na Marekani

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Uingereza. Nchi hiyo ilianza kutoa MMR mwaka 1988, kwa watoto wadogo. Waliokuwa wameshakua kidogo, hasa waliozaliwa kati ya 1983 na 1986, hawakuipata wakati wake. Mwaka 1994 ilifanyika kampeni kubwa mashuleni, lakini chanjo iliyotumika ilikuwa ya surua na rubela tu, yaani ileile ya herufi mbili tunayoijua sisi. Wakati huohuo matubwitubwi yalikuwa yamepungua nchini, hivyo watoto hao hawakuugua pia. Wakakua wakiwa hawana chanjo wala kinga ya kuugua, na mwaka 2004 na 2005 wakawa ndio waliojaza mabweni ya vyuo vikuu. Mwaka 2005 peke yake, England na Wales zilithibitisha wagonjwa zaidi ya 43,000, na wengi wao walikuwa vijana wa umri wa chuo.

Ukisoma historia hiyo ukiwa Mtanzania au Mkenya, jambo moja linakugonga: kadi za vijana wale wa Kiingereza zilifanana na zetu.

England ikaumia tena mwaka 2019, ilipothibitisha wagonjwa 5,042 baada ya kuwa na 1,066 mwaka uliotangulia. Safari hii sehemu ya chanzo ilikuwa hofu. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet andiko lililoihusisha MMR na usonji. Uchunguzi mwingi uliofuata haukuona uhusiano wowote, na mwaka 2010 Lancet ililifuta andiko lile. Lakini wazazi wengi walikuwa wameshakataa chanjo, na watoto wao, waliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ndio waliofika chuoni bila kinga. Hofu ya mwaka mmoja ilichukua miaka 20 kuzaa matunda yake.

Marekani ilikuwa na shida ya namna nyingine. Huko chanjo ilitolewa kwa dozi mbili, na shule nyingi hazimpokei mtoto asiyekuwa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi nzima ilikuwa ikiandikisha wagonjwa 200 hadi 300 kwa mwaka, na mpango ulikuwa kuufuta ugonjwa kabisa ifikapo 2010. Kisha mwaka 2006 wakaandikisha wagonjwa 6,584. Mlipuko ulianzia jimbo la Iowa, na walioshika nafasi ya kwanza ni vijana wa miaka 18 hadi 24. Wengi wao walikuwa na dozi zao mbili kwenye kadi. Mwaka 2016 na 2017 wagonjwa walizidi 6,000 kila mwaka. Desemba 2014 ugonjwa uliingia hata kwenye ligi ya mpira wa magongo wa barafuni, ukampata Sidney Crosby, nahodha wa Pittsburgh Penguins, ambaye alikuwa amechanjwa tena mwaka uleule kabla ya Olimpiki ya Sochi. Miaka minne baadaye meli ya kivita ya USS Fort McHenry, yenye watu wapatao 700, ilikaa miezi baharini katika eneo la Ghuba bila kutia nanga bandarini, kwa sababu matubwitubwi yalikuwa yakizunguka kati ya mabaharia wake.

Basi chanjo haifanyi kazi?

Inafanya. Swali hili linastahili jibu kamili, maana ndilo linalosambaa kwenye makundi ya WhatsApp kila mlipuko unapotokea.

Fanya hesabu hii nami. Chukua hosteli ya wanafunzi 1,000. Tuseme 950 wamechanjwa na 50 hawakuchanjwa. Tuseme ugonjwa unampata mmoja kati ya 50 waliochanjwa, na mmoja kati ya watano wasiochanjwa. Waliochanjwa watakaougua ni 19. Wasiochanjwa watakaougua ni 10. Mtu akihesabu wagonjwa mlangoni mwa zahanati atasema, mbona wengi wao wamechanjwa! Lakini aliyekosa chanjo alikuwa na hatari mara kumi ya mwenzake. Nambari hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Kanuni yake ndiyo inayotokea kweli. Dozi mbili za MMR hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia kati ya 80 na 90, na aliyechanjwa akiugua, kwa kawaida huugua kwa nafuu.

Hata hivyo, kinga ya chanjo hii hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Mtoto wa Kimarekani humaliza dozi yake ya pili akiwa na miaka 4 hadi 6. Akifika chuo, miaka 13 au zaidi imepita. Katika mlipuko wa Chuo Kikuu cha Iowa wa 2015 na 2016, watafiti waliwafuatilia wanafunzi 20,496, na wakaona kwamba waliopata dozi ya pili miaka 13 au zaidi kabla ya mlipuko walikuwa katika hatari mara 9 au zaidi kuliko waliochanjwa karibuni. Chuo kilitoa dozi ya tatu, wanafunzi 4,783 wakajitokeza. Walioipata waliugua 6.7 kwa kila 1,000. Waliobaki na mbili waliugua 14.5 kwa kila 1,000. Kwa sababu ya ushahidi kama huo, tangu Oktoba 2017 wataalamu wa chanjo wa Marekani wanapendekeza dozi ya tatu kwa watu ambao idara ya afya imeona wamo kwenye kundi lililo hatarini wakati wa mlipuko. Kwa hiyo ukiwa chuoni huko na ukapata ujumbe kukuita kwa dozi ya tatu, usiupuuze kwa kuwa kadi yako imejaa.

Zipo sababu nyingine zinazotajwa za waliochanjwa kuugua. Moja ni kirusi chenyewe. Kirusi cha chanjo kilitoka kwenye koo la mtoto mmoja wa miaka 5. Mwaka 1963, usiku, Jeryl Lynn alimwamsha baba yake, Maurice Hilleman, mtafiti wa kampuni ya Merck, akilalamika koo linauma. Baba akampapasa taya, akajua, akampangusa koo kwa pamba na kukipeleka kirusi maabara. Chanjo ikaidhinishwa mwaka 1967, na mpaka leo aina hiyo ya kirusi inaitwa kwa jina la mtoto yule. Virusi vinavyozunguka siku hizi Ulaya na Marekani ni vya ukoo tofauti kidogo na kile cha Jeryl Lynn, na huenda kinga haivitambui kwa wepesi uleule.

Sababu ya mwisho ndiyo iliyo mikononi mwetu: ukaribu.

Kwa nini vijana

Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, aliandika karne ya 5 kabla ya Kristo kuhusu ugonjwa uliozuka kisiwani Thasos: uvimbe karibu na masikio, kwa wengine ukifuatwa na maumivu ya korodani. Alisema uliwapata zaidi vijana, hasa waliokuwa wakishinda kwenye viwanja vya mieleka na mazoezi. Miaka 2,400 imepita na maneno yake yangeweza kuandikwa na daktari wa chuo wiki iliyopita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ugonjwa uliowapotezea askari wa Marekani walioko Ufaransa siku nyingi zaidi za kazi ulikuwa matubwitubwi.

Kirusi hiki hukaa kwenye mate na makamasi. Hurushwa mtu anapokohoa, anapopiga chafya, hata anapozungumza kwa karibu, na hupita moja kwa moja kwenye busu na kwenye chochote kinachotoka kinywa kimoja kwenda kingine. Sasa fikiria maisha ya kijana kwa siku moja: chupa moja ya maji inapokezanwa baada ya mpira, sigara moja watu watatu, shisha moja mezani, kijiko cha mwenzako unaonja nacho mchuzi, vitanda vya ghorofa chumba kimoja watu sita. Na huko barazani kwetu, vikombe vya kahawa vinavyosuuzwa kwenye ndoo moja na kurudi mikononi mwa watu.

Ukaribu mwenyewe una uzito hata bila vikombe. Mwaka 2009 na 2010 matubwitubwi yaliwapata watu 3,502 mjini New York na maeneo jirani, karibu wote Wayahudi wa madhehebu ya Orthodox, na walioumia zaidi walikuwa wavulana wa miaka 13 hadi 17. Wengi wao walikuwa na dozi mbili. Watafiti walipotazama jinsi wanavyosoma walielewa: katika shule zao za dini, wavulana hukaa wawili wawili, uso kwa uso mezani, wakibishana kuhusu maandiko kwa sauti, saa nyingi kwa siku, na kubadilishana wenzi. Aliyewahi kukaa madrasa au kwenye kikundi cha kusomea mtihani anaijua picha hiyo. Kinga ya chanjo ilizidiwa na wingi wa kirusi kilichokuwa kikimwagwa usoni kila siku.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo ugonjwa huu unapotupiga chenga, kwa hiyo soma taratibu.

Kutoka siku unapoambukizwa hadi shavu livimbe hupita siku 12 hadi 25, mara nyingi 16 hadi 18. Mgonjwa huweza kuambukiza wengine kuanzia siku 2 hivi kabla ya kuvimba, na huendelea mpaka siku 5 baada ya kuvimba. Tuseme ulikaa na mgonjwa tarehe 1. Tarehe 10 uko mzima, unadhani umevuka. Tarehe 15 unakohoa kidogo, mwili mzito, unakwenda zako kwenye sherehe, na hapo ndipo unapoambukiza. Tarehe 17 taya linavimba. Wale wa sherehe nao wataanza kuvimba mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Ndiyo sababu mlipuko wa chuo hauishi kwa wiki mbili. Hutambaa muhula mzima, unaingia likizo na wanafunzi, na kurudi nao.

Tena kati ya watu 100 walioambukizwa, 15 hadi 30 hawaoni dalili yoyote, au huona mafua tu. Kumtafuta aliyekuletea ugonjwa, na kumnyooshea kidole, ni kazi isiyo na faida. Huenda hata yeye hajui.

Dalili, na mahali pa kuwa mwangalifu

Huanza kama homa nyingine yoyote: kichwa, misuli, uchovu, hamu ya kula kupotea. Baada ya siku moja au mbili tezi ya mate iliyo mbele na chini ya sikio inavimba. Mara nyingi upande mmoja hutangulia na wa pili kufuata, lakini wapo wanaovimba upande mmoja tu. Pembe ya taya inapotea chini ya uvimbe, ukipapasa huisikii. Kutafuna kunauma, na kitu kichachu kinauma zaidi.

Si kila taya lililovimba ni matubwitubwi. Jino lililooza huvimbisha shavu. Mtoki wa shingoni huwa chini zaidi. Jiwe kwenye mrija wa mate huleta uvimbe unaokuja wakati wa kula na kupungua. Uvimbe wa pande zote mbili usiouma, uliokaa kwa wiki au miezi, unahitaji uchunguzi, kikiwemo kipimo cha VVU, hasa kwa mtoto. Kwa hiyo macho ya bibi ni mazuri, lakini mtu mzima amwone daktari, na apige simu kwanza ili asiketi kwenye chumba cha kusubiria na wajawazito na watoto wachanga. Ukiwa ng'ambo, neno litakaloeleweka simuni ni mumps. Daktari atapangusa ndani ya shavu karibu na mlango wa mrija wa mate. Kipimo hicho huwa na nguvu zaidi kikichukuliwa siku tatu za kwanza. Kipimo cha damu kwa mtu aliyewahi kuchanjwa huweza kusema hakuna kitu ilhali kipo.

Sasa kuhusu korodani, jambo ambalo vijana wengi huona haya kuliuliza. Kwa mwanamume aliyebalehe ambaye hakuchanjwa, takribani 3 kati ya 10 huvimba korodani, mara nyingi moja, siku chache baada ya taya. Kwa waliochanjwa ni kiasi cha 6 kati ya 100. Maumivu yake ni makali na huja na homa mpya. Karibu nusu ya walioumia hivyo huona korodani ile imepungua ukubwa baadaye. Lakini kuwa tasa kabisa ni nadra, na anayekuambia kwamba umeshakwisha anakutisha bure. Kuna sababu moja ya kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi: korodani inayouma ghafla huweza kuwa imejisokota, na hiyo si matubwitubwi. Iliyojisokota inahitaji upasuaji ndani ya saa chache, takribani 6, la sivyo inakufa. Usijipime mwenyewe kitandani ukasema ni zile perema.

Mwanamke naye huweza kuumwa ovari au kuvimba matiti, ingawa si mara nyingi. Kwa wote, hizi ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo: kichwa kikali chenye shingo kukakamaa, mwanga kuumiza macho, kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au degedege, tumbo la juu kuuma vikali pamoja na kutapika, maana kongosho huweza kushikwa, na sikio kuziba ghafla. Uziwi wa matubwitubwi hutokea kwa wachache sana, kwa kawaida sikio moja, lakini ukija huweza kubaki.

Ukiugua, au mwenzako akiugua

Hakuna dawa ya kuua kirusi hiki, na antibayotiki hazina kazi hapa. Mwili wenyewe ndio unaokimaliza. Paracetamol au ibuprofen hupunguza maumivu na homa. Aspirini asipewe mtu wa chini ya miaka 16. Kitambaa cha baridi shavuni kinatuliza, cha uvuguvugu kinawafaa wengine. Chagua kinachokupa nafuu. Kwa korodani, chupi inayoshikilia vizuri na barafu iliyofungwa kwenye taulo. Barafu tupu inaunguza ngozi.

Chakula kiwe laini: uji, mtori, viazi vya kuponda, supu iliyopoa. Usimpe mgonjwa ndimu, ukwaju, embe bichi, achari wala juisi ya chungwa. Najua tunampa mgonjwa maji ya ndimu kwa nia njema kabisa, lakini ukali huo unaziamsha tezi za mate zilizovimba na kumtesa. Maji mengi yanatosha.

Kisha siku 5. Siku taya lilipovimba ihesabu kuwa sifuri, halafu kaa mbali na darasa, kazi, msikiti au kanisa, uwanja na harusi mpaka siku 5 ziishe. Chumba cha peke yako kikipatikana ni bora. Kama hakuna, kichwa chako na cha mwenzako vilale pande tofauti, dirisha liwe wazi, na kikombe, sahani, kijiko na taulo viwe vyako peke yako. Kohoa kwenye kiwiko, nawa mikono kwa sabuni. Waambie uliokaa nao siku mbili kabla ya kuvimba. Watajua waangalie nini wiki ya pili na ya tatu. Wajulishe wahudumu wa afya wa chuo hata kama unajisikia vizuri, kwa kuwa wao ndio watakaojua kama wewe ni wa kwanza au wa thelathini.

Najua kukaa ndani ni kugumu kwa mwenye mtihani, na kugumu zaidi kwa kijana aliye ugenini ambaye anaogopa kwamba ugonjwa utamharibia viza. Chuo kina utaratibu wa mitihani ya wagonjwa. Omba cheti cha daktari siku ya kwanza, si siku ya sita.

Kadi, sasa

Ukitaka kusafiri, fungua kadi ya kliniki. Ukiona MMR mara mbili, ipige picha na uihifadhi mahali ambapo simu ikiibiwa hutaipoteza. Ukiona MR tu, au surua tu, au kadi iliyoliwa na panya, unahitaji dozi mbili za MMR, zikiachana kwa siku 28 au zaidi. Kwa hiyo anza angalau miezi miwili kabla ya ndege. Vyuo vingi vya Marekani huulizia dozi hizo kabla ya kukuruhusu kujisajili. Uingereza, mtu mzima wa umri wowote ambaye hana dozi mbili huchanjwa bure kwa daktari wake wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, kwa hiyo hata uliyefika miaka iliyopita hujachelewa. Kama hukumbuki iwapo uliwahi kuugua au kuchanjwa, chanjwa tu. Kurudia hakuna madhara kwa mwenye kinga.

Wasioipata ni wajawazito, ambao wangoje hadi wajifungue, na wenye kinga ya mwili iliyoshuka sana. Hao wazungumze na daktari wao. Mwanamke akichanjwa asubiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Mkono kuuma, homa ya siku mbili tatu au upele mwepesi baada ya chanjo ni vya kawaida, na mara chache shavu huvimba kidogo.

Waislamu wengi huuliza kuhusu gelatini ya nguruwe, na wana haki ya kujibiwa waziwazi. Uingereza hutumia aina mbili za chanjo hii: MMRVaxPro ina gelatini hiyo, Priorix haina. Zote mbili hukinga sawa. Ukipiga simu kuweka miadi, sema mapema kwamba unataka Priorix, ili iagizwe kabla hujafika.

Na mama au baba aliyebaki nyumbani na mwenye kumbukumbu, hili ni lako: mpigie mwanao umwambie ni nani kati yake na ndugu zake aliyevimba mashavu utotoni na ni nani aliyerukwa. Daktari wa huko atamuuliza swali hilo, na wewe ndiye unayelijua jibu.